Nani hayupo? Kusoma na kuandika kwa Kiswahili juu ya dansi ya jukwaani

0. Utangulizi

Katika vitivo vyetu vya lugha tumezoea kuchambua shairi, riwaya na tamthilia. Dansi tunawaachia watu wa mila au vijana wa mtaani, kana kwamba ndani yake hamna la kusomwa. Mwanafunzi anayethubutu kuichukua kama mada ya kazi yake ya mwisho wa masomo huiandika kwa Kifaransa, na mara nyingi maneno anayotumia ni yale ya vijitabu vinavyogawiwa kwenye milango ya kumbi za Paris na Brussels. Kwa njia hiyo kazi iliyotungwa Kisangani hutufikia Butembo na Beni ikiwa imekwisha kuelezwa na wengine, nasi tunabaki kurudia sifa zake.

Makala hii inapendekeza njia ya kusoma kazi za jukwaani ambamo sanaa tatu zinakutana: mwili unaocheza, muziki unaopigwa papo hapo mbele ya watazamaji, na sanaa ya kuonekana kwa macho, yaani sanamu, picha au mavazi. Njia yenyewe ni swali moja: katika kazi hii ni nani asiyekuwepo, na ni sanaa ipi kati ya hizo tatu inayombeba? Nitalijaribu swali hilo kwanza juu ya maneno tuliyo nayo, kisha juu ya kazi za mtunzi mmoja wa Kongo, Faustin Linyekula. Mwishoni nitalileta kwetu, kwa maana katika miji hii miwili swali la asiyekuwepo liko ndani ya nyumba za watu.

1. Maneno tuliyo nayo

Tuanze na kitenzi. Katika Kiswahili chetu cha mashariki mwa Kongo, mtu "anacheza" mpira, anacheza karata, anacheza tamthilia na anacheza muziki. Kifaransa kinatenganisha mambo hayo kwa vitenzi viwili au vitatu. Sisi tunatumia kimoja. Wengine wanaona hapo umaskini wa msamiati. Mimi naona msaada, kwa sababu kazi nyingi za siku hizi hazikubali kuitwa dansi tupu wala tamthilia tupu. Linyekula mwenyewe hupenda kujiita msimulizi. Ukisema "anacheza", umekwisha kumruhusu asimulie na asogee kwa wakati mmoja.

Neno la pili ni ngoma. Ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, tena ni mkutano wenyewe wa watu. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba kuunganisha mwendo, muziki na mapambo si jambo jipya Afrika, maana neno ngoma limeyabeba yote tangu zamani. Ni kweli, na tunao mfano ulioandikwa vizuri: ngoma ya beni. Jina hilo halihusu mji wetu wa Beni. Linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Ngoma hiyo ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaenea pamoja na askari na wapagazi, ikaingia bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliitungia kitabu kizima mwaka 1975. Wachezaji wa beni walipanga mistari kama gwaride, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, walivaa sare na kupeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Mwendo, sauti na vazi vilikuwa kitu kimoja. Tukiuliza swali letu, jibu linaonekana upesi: asiyekuwepo ni afisa wa Kizungu, na kinachombeba ni sare. Mwafrika anaivaa, na cheo kinahama.

Hata hivyo, neno ngoma lisitumike kufunika kila kitu. Katika ngoma ya kijijini anayetazama anaweza kuingia uwanjani, na aghalabu hakuna anayeuliza ni nani aliyeitunga. Kazi ninazozizungumzia hapa zina mtunzi mwenye jina, zina mwanzo na mwisho uliopangwa, na mtazamaji hukaa kitini. Nazo haziwezi kuitwa "dansi ya kisasa", maana kwetu maneno hayo humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye ndombolo. Ndiyo sababu nimechagua "dansi ya jukwaani". Si jina kamili, lakini halidanganyi.

2. Paris 1923, Nancy 2012

Tarehe 25 Oktoba 1923, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris, kundi la Ballets suédois lilionyesha kazi iitwayo La Création du monde, yaani Uumbaji wa Ulimwengu. Kisa kiliandikwa na Blaise Cendrars, ambaye mwaka 1921 alikuwa amechapisha mkusanyo wa hadithi za Kiafrika. Muziki ulitungwa na Darius Milhaud, aliyekuwa amesikiliza jazi ya Weusi huko Harlem, New York. Mchoraji Fernand Léger alitengeneza mandhari na mavazi kwa kufuata sanamu za Kiafrika, na Jean Börlin alitunga dansi.

Kwa kipimo cha vijitabu, kazi hiyo ina kila kitu. Lakini tuulize: nani hayupo? Hadithi za Mwafrika zipo, zimepitia kalamu ya Cendrars. Muziki wa wajukuu wa watumwa upo, umepitia kalamu ya Milhaud. Sanamu zipo, zimepitia brashi ya Léger. Mwafrika mwenyewe hayumo. Tena mavazi ya Léger yalikuwa makubwa na magumu, yakawafunika wachezaji hadi wakawa kama vipande vya picha vinavyosogea. Sanaa ya kuonekana iliumeza mwili, na kwa kuumeza ilificha kwamba kuna mwili uliokosekana.

Mwaka 2012 Linyekula alialikwa na Ballet de Lorraine, kundi la mji wa Nancy, kuishughulikia kazi hiyo. Angeweza kuitupa, au kuicheza upya kwa heshima. Alichagua njia ya tatu. Alichukua dansi ya 1923 kama ilivyofufuliwa na watafiti Millicent Hodson na Kenneth Archer, pamoja na maleba yake makubwa, akaizungushia dansi yake mwenyewe. Kisha kati ya wachezaji wa Nancy akamweka Mkongo mmoja, Djodjo Kazadi, anayeitazama kazi hiyo na kuihoji. Jina jipya likawa na miaka miwili ndani yake: La Création du monde 1923-2012.

Funzo la kwanza ni hili. Kukutana kwa sanaa tatu si sifa yenyewe. Sanaa zinaweza kukutana ili kumficha mtu, kama zinavyoweza kukutana ili kumrudisha. Mchambuzi anayemaliza kazi yake kwa kusema "muziki, mwendo na picha vimeungana vizuri" hajasema bado kitu.

3. Pale ambapo sauti inabeba

Linyekula alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, akakulia Kisangani. Mwaka 1997, mjini Nairobi, alianzisha kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 alifungua Studios Kabako mjini Kinshasa, na tangu 2006 makao yake yamekuwa Kisangani. Kabako ni jina la rafiki yake aliyefariki. Hivyo hata jina la nyumba yake ya kazi ni jina la asiyekuwepo.

Mwaka 2006 alitunga Dinozord. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya tamasha la New Crowned Hope mjini Vienna, lililoongozwa na Peter Sellars katika mwaka wa kutimia miaka 250 tangu Mozart kuzaliwa. Humo Linyekula anarudi Kisangani ya ujana wake na kuwatafuta rafiki zake. Maandishi ya Kabako yanasikika, Kabako hayupo. Pamoja na maandishi hayo zinasikika sehemu za Requiem ya Mozart, misa ya wafu ambayo mtunzi wake alifariki mwaka 1791 bila kuimaliza. Anayeimba jukwaani ni Serge Kakudji, Mkongo mwenye sauti ya juu sana ambayo masikio yetu hayaitarajii kutoka kifua cha mwanamume. Mwili wa marehemu haupatikani, na wachezaji hawajifanyi kuwa yeye. Sauti ndiyo iliyopewa kazi ya kumzika.

Mwaka 2009 ikafuata more more more... future. Hapa muziki ni wetu kabisa: gitaa la Flamme Kapaya, aliyejulikana katika bendi ya Werrason, likipiga ndombolo iliyochanganywa na ghadhabu ya muziki wa panki. Bendi iko jukwaani pamoja na wachezaji, na mavazi yametengenezwa na Xuly Bët, mbunifu mwenye asili ya Mali na Senegal anayefanya kazi Paris. Maneno yanayoimbwa ni ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa amefungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Butembo jina Muhindo linavyosikika masikioni mwetu.

Anayesikiliza ndombolo anajua desturi ya kutupa libanga: mwimbaji hutaja majina ya matajiri, nao hulipa ili watajwe. Wimbo unakuwa mahali pa kununulia uwepo. Aliye Ulaya anatajwa, na kwa muda huo yupo Kinshasa. Kwa usomaji wangu, nguvu ya more more more... future iko hapo hasa. Imechukua muziki uliozoea kumbeba mwenye fedha, ikaufanya umbebe mfungwa. Mchambuzi asiyeijua libanga ataona gitaa, kelele na mavazi ya kung'aa. Sisi tunaoijua tunasikia jina la nani limeondolewa na neno la nani limewekwa mahali pake. Jambo la namna hiyo haliwezi kuandikwa vizuri na mtu wa mbali, linatungoja sisi.

4. Pale ambapo umbo linabeba

Mwaka 2017 Linyekula alicheza Banataba ndani ya Metropolitan Museum of Art mjini New York, pamoja na mchezaji wa Afrika Kusini, Moya Michael. Chanzo cha kazi kilikuwa sanamu ya Walengola iliyohifadhiwa katika makumbusho hiyo. Walengola ni watu wa upande wa Ubundu, na ndio watu wa ukoo wa mama yake. Kibandiko cha makumbusho kwa kawaida hutaja kabila, nchi na aina ya mti. Jina la mchongaji hutajwa kwa nadra. Linyekula hakuomba sanamu ya kabatini itolewe ichezwe. Alileta sanamu nyingine, iliyochongwa upya Kongo, akaibeba kati ya kuta za New York. Sanamu ya kwanza ilikuwa imegeuka kitu cha kutazamwa. Ya pili ilibebwa mikononi, ikawa na uzito na njia iliyopita.

Katika My Body, My Archive alikwenda mbali zaidi. Kazi hiyo ilichezwa Machi 2020 katika Tate Modern, London, mbele ya kamera bila watazamaji kwa sababu ya Covid-19, na baadaye ikazunguka majukwaani. Katika toleo hilo la baadaye tarumbeta ya Heru Shabaka-Ra ilimsindikiza. Swali lake ni la ukoo: historia ya familia inapohesabiwa kwa majina ya wanaume, wanawake wamewekwa wapi? Masimulizi hayawataji, na picha zao hazipo. Basi sanamu za mbao zinawekwa jukwaani kusimama kwa ajili yao, naye anacheza kati yao. Hapa sauti isingetosha, kwa kuwa sauti ndiyo iliyowasahau. Ilihitajika sanaa inayochukua nafasi sakafuni, ambayo mchezaji hawezi kupita bila kuizunguka.

Tukilinganisha kazi hizi, tunaona kwamba mtunzi anagawa kazi kati ya sanaa. Mfungwa alibebwa na wimbo, kwa sababu maneno yanaweza kutoka gerezani ambako mwili hauwezi. Mabibi wa ukoo walibebwa na mbao, kwa sababu walikosa mahali. Mwafrika wa 1923 alirudishwa na mwili wa mchezaji mmoja, kwa sababu mwili ndio uliokuwa umekosekana.

5. Butembo na Beni

Sisi hatukuanza kuunganisha sanaa kwa kuiga majukwaa hayo. Wanande, na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda wa milima ya Ruwenzori, wanayo endara: mbao ndefu zinazolazwa juu ya migomba iliyokatwa na kupigwa na watu kadhaa pamoja, huku ngoma na wachezaji wakiitikia. Mbao hizo zikitandazwa, mahali panakuwa pengine. Kabla ya sauti ya kwanza macho yamekwisha kuambiwa jambo. Matanga yetu nayo ni mkusanyo wa sanaa tatu. Kuna nyimbo za kwaya, kuna picha ya marehemu, msalaba na vitambaa, na kuna mwendo wa watu wanaobeba, wanaoketi chini, wanaoinuka kupokea wageni.

Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na 25 Juni 2020, wakati wa Ebola iliyoathiri hasa Mangina, Beni, Butembo na Katwa, mkusanyo huo ulivunjwa. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafariki. Marehemu hakuoshwa na nduguze, hakuvikwa nao, hakubebwa nao. Timu za mazishi zilivaa mavazi ya kujikinga yaliyomfunika mtu kutoka kichwani hadi miguuni. Sababu za kitabibu zilikuwa za kweli: maiti ya mgonjwa wa Ebola inaambukiza. Lakini tulisome jambo hilo kwa macho ya kitivo chetu. Vazi lilimfuta mtu aliyekuwa ndani yake, na jirani hakujua ni nani anayemzika mama yake. Ndiyo sababu utaratibu wa mazishi salama na yenye heshima unaitaka timu ifike kwanza bila mavazi hayo, isalimie familia kwa uso wazi, ndipo ivae. Walioandika kanuni hiyo walielewa kwamba mpangilio wa vazi na mwendo ni lugha, na kwamba lugha ikikosewa watu wanakataa hata lililo jema.

Kisha kuna wale wa vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamerudiarudia katika eneo la Beni. Wapo waliokwenda shambani wasirudi, na familia zikafanya matanga bila jeneza. Kwenye matanga ya namna hiyo, picha iliyo juu ya meza inabeba kazi yote ambayo mwili ungeifanya. Yeyote atakayetunga dansi ya jukwaani katika miji hii atalikuta swali hili likimngoja, na yeyote atakayeiandika ataulizwa na jamaa za marehemu kama ameandika kwa adabu. Ndiyo maana nasisitiza tueleze kwanza tulichokiona, sifa zije baadaye. "Kazi ya kuhuzunisha sana" ni maneno yanayomhusu mchambuzi. "Mchezaji aliigeuza picha ukutani, akakaa akiipa mgongo hadi wimbo ulipokwisha" ni maneno yanayoihusu kazi.

6. Namna ya kuandika

Kwa mwanafunzi atakayejaribu, napendekeza hatua nne.

Kwanza, aorodheshe vilivyopo: wachezaji wangapi, vyombo gani, maleba gani, vitu gani sakafuni. Atofautishe muziki unaopigwa papo hapo na ule wa kwenye kanda, maana mpiga ngoma aliye jukwaani naye ni mwili unaotazamwa.

Pili, achague vitenzi kwa uangalifu. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kifaransa hakina kwa urahisi huo, nao ni minyambuliko. "Anainuka", "anajiinua", "anainuliwa" na "anainuliana na mwenzake" ni mambo manne tofauti jukwaani, na kitenzi kinamlazimisha mwandishi aamue nguvu inatoka kwa nani. Vivyo hivyo anguka, jiangusha, angushwa. Tuongeze vitenzi vya mwendo tulivyo navyo tayari: kunesa, kunyata, kuyumba, kuchutama, kujipinda, kusota, kutambaa. Tusione haya kutumia tanakali: kuanguka pu na kutulia tuli ni vipimo vya mwendo, si mapambo ya hadithi za watoto.

Tatu, aulize ni nani asiyekuwepo, na ni sanaa ipi inayombeba. Akikuta kwamba sanaa zote tatu zinasema jambo lilelile kwa pamoja, aulize kama moja isingetosha.

Nne, aseme kazi ilichezewa wapi, mbele ya nani, na kwa fedha za nani. Banataba ndani ya makumbusho ya New York si sawa na Banataba kando ya mto. Mahali ni sehemu ya maana.

Kuhusu istilahi, natumia "mtunzi wa dansi" kwa anayepanga mwendo, "maleba" kwa mavazi ya jukwaani, "mandhari" kwa vilivyowekwa nyuma ya wachezaji, na "umbo" kwa sanamu au kitu chochote kilichopewa nafasi kama mchezaji. Wenye maneno bora wayalete katika matoleo yajayo.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kazi ya jukwaani yenye sanaa tatu inasomeka, na kwamba Kiswahili chetu kina vifaa vya kuisoma: kitenzi kucheza kinachokubali usimulizi, neno ngoma linalotukumbusha mkutano wa watu, na minyambuliko inayopima nguvu za mwili. Swali la asiyekuwepo limetusaidia kutofautisha kazi inayomficha mtu na kazi inayomrudisha.

Linabaki jukumu la kufanya. Katika Butembo na Beni kuna kwaya, kuna wapiga endara, kuna wachoraji wa mabango na vijana wanaocheza kila jioni. Naomba kila mwanafunzi wa kitivo achague mchezo mmoja wa mtaani kwake, autazame mara mbili, kisha auandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili akifuata hatua hizo nne, na kuwasomea wachezaji wenyewe kabla ya kumpelekea mwalimu. Wao ndio watakaosema kama kitenzi ni sahihi.